Mafuta ya Mahindi na Tela la Wazee

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeamka na wazo. Mungu ni mwema.

Wazo lenyewe ni kuitilia pikapu yangu mafuta ya mahindi. Si ile chembe ya ethanoli, yaani pombe ya mahindi, inayochanganywa kwenye petroli ya kila mtu. Nasema yale mazito, ya pampu yenye mpini wa njano. Pikapu yangu ina turbo mbili na hunipeleka kazini kila siku, maili ishirini na mbili kwenda na ishirini na mbili kurudi, kufagia na kutengeneza madirisha ya shule ya kanisa. Ni mnyama mpole. Lakini nimesoma kwamba turbo ikipewa ethanoli, upole unaisha.

Na mahindi ni yangu! Ekari themanini hapa nje ya Harderwyk. Kila vuli nayapeleka kiwandani, yanageuzwa ethanoli, halafu wananunua watu wa mbali. Mkulima wa Iowa anayetia petroli tupu ni kama mwokaji anayekula mkate wa jirani.

Sababu ya kweli naiandika humu tu. Kila Jumapili ya pili ya Agosti tunaabudu uwanjani, kando ya mto, maili kumi na nne kutoka kanisani. Wazee hupelekwa kwa tela la mabenchi, pamoja na kinanda cha miguu kilichotoka kwenye kanisa la kwanza. Baba alilivuta tela lile miaka ishirini na sita. Alipofariki, kazi ikaenda kwa Marlin, kaka wa mke wangu, na gari lake la dizeli linalonguruma kama tumbo la ng'ombe. Huu utakuwa mwaka wa kumi na mbili. Silalamiki.

(Nalalamika. Shajara ni yangu.)

Kwetu mtu haombi heshima. Anangoja aitwe. Nami nimengoja mpaka nimechakaza kiti. Sasa nitaifanya pikapu iwe na nguvu kiasi kwamba wataona aibu kutoniita.

Nimemwambia mke wangu, Verla, kwamba nataka kujaribu mafuta mapya. Akaniuliza gari lina kasoro gani. Nikasema halina. Akasema basi ndiyo yale yale ya mashine ya kukata majani. Ile mashine ilikata majani vizuri sana kabla ya moto.

Jumanne, 6 Agosti

Kwa Lorna Te Slaa, nyuma ya ghala la nafaka. Mjane, fundi, na mwalimu wa shule ya Jumapili, darasa la tano. Mikono yake ina grisi hadi kwenye kiwiko lakini hujawahi kuona alama ya kidole kwenye gari la mteja. Aliinamisha kichwa juu ya injini yangu akaisikiliza kimya, kama bibi anayesikiliza kifua cha mjukuu. Nilivua kofia. Sijui kwa nini.

Akanieleza taratibu, wala hakunifanya nijione mjinga. Turbo inashindilia hewa. Hewa ikishindiliwa inapata joto. Petroli ikikuta joto lile inaripuka kabla ya zamu yake, na injini inagonga. Ethanoli ina subira, na inapoingia inapoza. Basi turbo unaweza kuiachia zaidi. Hapo ndipo nguvu inapotoka.

Subira na ubaridi! Nilitamani Mchungaji angekuwapo aisikie.

Halafu akafika kwenye ubaya. Ethanoli ina nguvu, akasema, lakini haina shibe. Galoni moja haikufikishi mbali kama galoni ya petroli. Utakula mara nyingi zaidi. Tena Januari, baridi ikikaza, injini itagoma kuamka. Na pampu iliyomo ndani ya tenki ni ndogo. Ukijaza ethanoli tupu na kuvuta mzigo, haiwezi kuleta ya kutosha. Kwa gari la kila siku, ushauri wake ni sehemu tatu kati ya kumi. Faida karibu yote, hasara kidogo.

Nikauliza vipi sehemu nane. Akasema tatu. Nikauliza vipi tano. Akanitazama kama anavyolitazama darasa la tano.

Akanionyesha na kichupa cha kioo. Unatia maji kidogo, unamimina mafuta, unatikisa. Ethanoli inaiacha petroli na kuyafuata maji, kama mtoto aliyemwona mama yake sokoni, na mstari unapanda. Pampu ya mpini wa njano imeandikwa asilimia themanini na tano. Kichupa kikasema sabini na nne. Lorna akasema usiamini kibandiko. Nikasema amina.

La mwisho, na alilirudia. Ile namba ya kwenye dashibodi inayosema umebakiwa na maili ngapi inahesabu kwa mwendo uliokwisha kwenda. Haijui umebadilisha mafuta, wala haijui unachokwenda kuvuta. Nisiitegemee mpaka gari limezoea.

Nimeandika yote. Karatasi iko mfukoni.

Jumatano, 7 Agosti

Imekamilika! Kifaa cha kupima ethanoli kimekaa kwenye bomba la mafuta, na Lorna ameipa kompyuta ya injini mafunzo mapya. Tatu kwa kumi, kichupa kimeshuhudia.

Nilitoka mjini polepole kama mtu mzima. Nikaingia barabara kuu, nikakanyaga.

Bwana wangu!

Haikuwa kelele. Ilikuwa kama mkono mkubwa umenishika mgongoni na kusema twende. Niliimba ubeti mzima wa zaburi na nilipofika mwisho nilikuwa nimeshafika kwenye shamba la Huizenga, mahali ambapo kwa kawaida nafika ubeti wa tatu. Mahindi pande zote mbili yananitazama. Niliyapungia.

Saladi ya viazi ya Verla ilikuwa kwenye kiti. Sasa iko chini ya kiti, nyuma ya kiti, na ndani ya tundu la mkanda. Verla alisimama mlangoni, akatazama, akarudi ndani akaanza kumenya viazi upya bila neno. Mwanamke huyu! Mwingine angenirushia mwiko. Nimemenya vinne kwa toba.

Jioni nilimkuta Marlin kwenye kahawa ya chama cha ushirika. Habari ilishamfikia.

"Shemeji," akasema mbele ya watu wote, "nasikia gari limeanza kunywa. Wewe mwenyewe bado?"

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba angalau langu linakunywa cha nyumbani. Akakuna shingo, akauliza linavuta vipi. Nikamwambia vizuri tu. Akataka kujua kama linaweza mzigo mzito, kwa mwendo mrefu. Ananichunguza! Nikanywa kahawa yangu, nikafunga mdomo.

Alhamisi, 8 Agosti

Mpango. Mchungaji Bouma humtembeza mbwa wake saa kumi na moja jioni kwenye kilima cha makaburi. Basi nikaenda kulichukua tela kanisani, eti nalitia grisi magurudumu, nikalipakia magunia ishirini ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani kutoka stoo ya shule. Saa kumi na moja kamili nikakipandisha kilima.

Lilipanda kama tupu! Vumbi likainuka nyuma yangu kama wingu la Wana wa Israeli.

Mchungaji alikuwa ameinama. Anaokota kinyesi cha mbwa. Alipoinuka nilishapita.

Nikashuka, nikapanda tena. Safari hii alikuwa anazungumza na mama mkwe, Gezina, aliyekuja kumwagilia maua kwenye kaburi la marehemu mzee. Wote wawili wakageuka. Nikasimamisha gari, nikateremsha dirisha, nikatulia tuli, ili nguvu ijisemee.

Mama mkwe akasema nimeyatia vumbi maua ya baba mkwe wangu. Akasema pia kwamba yule alikuwa akipanda kilima hiki kwa farasi wawili na hakuna mtu aliyekohoa.

Mchungaji aliuliza kama kuna mtu ananikimbiza.

Nimerudisha chumvi.

Ijumaa, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nimeitwa!

Simu ililia wakati wa chakula cha mchana. Mchungaji. Akasema kamati imekaa, na Marlin mwenyewe amesimama akapendekeza kwamba mwaka huu tela livutwe na Eldon Roghair. Yaani mimi.

Kwetu mtu akiitwa hukataa mara mbili, kwa unyenyekevu, halafu mara ya tatu anakubali. Nikakataa mara ya kwanza. Kukawa na kimya. Kimya kirefu! Jasho likanitoka. Mchungaji ni mgeni, ametokea Michigan, huenda kule hawana desturi hii. Akasema, basi ikiwa nina shughuli... Nikapiga kelele kwamba sina. Verla alidondosha uma.

Lakini kwa nini Marlin? Miaka kumi na moja amelishikilia tela lile, na ghafla analiachia, siku mbili tu baada ya kunichunguza kwenye kahawa. Ni mtego. Anataka nishindwe mbele ya kanisa zima, dizeli lirudi kwa shangwe. Verla anasema kaka yake hana akili ya mtego. Nampenda Verla, lakini damu ni damu.

Nimeomba nipewe moyo safi. Nimeomba pia kwamba Marlin aone vumbi.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimefikiri hivi: ikiwa tatu kwa kumi imefanya yale, saba itafanya nini? Kesho si siku ya kila siku. Kesho ni wazee kumi na wawili, kinanda, na jina la Baba.

Tenki lilikuwa karibu kukauka. Nikapita kwenye pampu ya mpini wa njano nikatia galoni nne. Sikumwambia Lorna. Kichupa changu mwenyewe (kilikuwa cha vanila) kikasema sitini na kitu. Nikakijaribu kilima bila tela. Mungu nisamehe, nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikakipanda mara tano. Ya tano haikuwa na sababu.

Taa ya njano ya dashibodi iliwaka kidogo kule kilimani, ikazimika. Nimeichukulia kama salamu.

Halafu nikaiosha. Kwetu gari la Jumapili huoshwa Jumamosi, na jua likizama ndoo inafunikwa, maana Jumapili hatufanyi kazi wala kununua kitu. Nikasugua magurudumu kwa mswaki. Nikapaka nta mara mbili. Kufikia saa kumi na mbili pikapu ilikuwa inang'aa hata Verla, aliyetoka kuanua nguo, akasimama akatengeneza nywele zake kwenye mlango wa dereva.

Akaniambia nikajaze mafuta kabla hawajafunga. Nikamwonyesha dashibodi: maili arobaini. Kwenda kumi na nne, kurudi kumi na nne, ishirini na nane. Kuna na ziada ya kwenda kumtembelea dada yake. Na kituo kiko kwenye njia ya changarawe! Niipitishe nta mbichi kwenye vumbi lile? Akasema Lorna si alisema kitu kuhusu namba hiyo? Nikasema Lorna alisema mengi.

Karatasi ya Lorna ilikuwa kwenye suruali nyingine.

Nimelala mapema. Nimemwambia Baba, kama wanasikia huko, kwamba kesho ni zamu yangu.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika kwa sababu Verla amesema itanisaidia.

Asubuhi ilikuwa tukufu. Wazee wamepanda tela, kinanda kimefungwa kamba, mama mkwe ameketi benchi la mbele kabisa na mwavuli wake. Kwa kuwa joto lilikuwa kali, nilimkaribisha kwanza akae ndani ya pikapu na kipoza hewa mpaka wote wapande. Wazee hupanda taratibu. Injini ikanguruma dakika arobaini. Namba ikashuka hadi thelathini na moja. Nikasema moyoni, bado.

Tulitoka kwa heshima. Watu wakasimama vibarazani. Nikainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama Baba. Nilisikia wazee nyuma wameanza kuimba, na nakiri machozi yalinitoka.

Maili ya tatu, namba ikasema kumi na tisa. Ya tano, kumi na moja. Sijaona namba ikishuka hivyo maishani. Ilikuwa kama mtu anayeteremka ngazi kukimbilia simu. Nikazima kipoza hewa. Nikavua koti, sijui kwa faida ya nani. Ya saba, taa. Ya nane, pikapu ikakohoa, ikasukuma mara moja, ikanyamaza.

Nikainua macho.

Tumesimama mbele ya kituo kingine cha mafuta, cha barabara kuu. Hatua thelathini. Hakuna mhudumu, ila mashine ya kadi inawaka, na mpini wa njano umening'inia pale kama unanisubiri. Upande wa kushoto mahindi. Upande wa kulia mahindi. Mbele kidogo, moshi mweupe wa kiwanda kilekile kinachonunua mahindi yangu. Na ni Jumapili.

Hakuna mtu wa kanisa letu aliyewahi kununua mafuta Jumapili. Wapo waliozaa mtoto kando ya barabara badala yake.

Baraza likakaa kwenye tela. Mzee Dirk, mwenye miaka tisini na moja, akauliza kama hili si lile jambo la ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, ambaye Bwana mwenyewe aliruhusu atolewe. Nikasema ndilo! Ndilo kabisa! Nikaanza kutafuta kadi yangu.

Mama mkwe akafunga mwavuli.

"Ng'ombe hakutumbukia," akasema. "Huyu alipelekwa kisimani Jumamosi, akaonyeshwa shimo, na mwenyewe akasema gari bado lina maili arobaini."

Nikaacha kutafuta kadi.

Mkatoliki mmoja wa mji wa jirani, aliyekuwa anajaza gari lake, akaja kwa upole akasema yeye haoni tabu, anaweza kutununulia galoni mbili. Baraza likafikiri. Je, si tutakuwa tumemtuma? Mzee Dirk akasema hatumtumi ikiwa hatukumwomba. Mama mkwe akasema tunamsikia, basi tumemwomba. Mkatoliki alisubiri mpaka akachoka, akatuachia pakiti ya biskuti, akaenda zake. Mtu mwema sana.

Saa ya ibada ikapita. Jua likapanda. Peremende za mnanaa tunazonyonya wakati wa mahubiri zikaliwa zote kabla ya mahubiri. Bibi mmoja akaegemea kinanda, na mtu akaanza kumpepea kwa kitabu cha zaburi. Hapo niliacha kumfikiria Baba, nikaanza kuwafikiria hawa walioniamini.

Ndipo nikasikia tumbo la ng'ombe.

Marlin alikuwa nyuma yetu na meza za chakula. Nikajikaza kungoja kicheko chake. Akasimama, akaitazama pikapu yangu inayong'aa, akawatazama wazee, akatoa mnyororo. Akalifunga dizeli kwenye pikapu, pikapu ikiwa bado imefungwa kwenye tela, akanirushia peremende moja kupitia dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Shika usukani, shemeji. Usikanyage breki mpaka niwashe taa."

Akavuta vyote pamoja. Taratibu kama anayebeba mayai. Dizeli lile! Nimelisema vibaya miaka kumi na moja na leo nilitaka kulibusu. Wazee wakaimba tena. Nami nikashika usukani, katikati, nikageuza kulia na kushoto. Kwa hesabu fulani nilikuwa navuta tela.

Tulifika tumechelewa dakika hamsini. Mchungaji alikuwa bado anasubiri.

Wakati wa chakula, Marlin akaketi karibu nami na mikate yake ya nyama ya nguruwe. Nikamuuliza kwa nini alinipendekeza. Akasema anapendekeza kila mwaka. Tangu mwaka ule wa kwanza! Kila Agosti husimama kwenye kamati na kusema kazi hii ni ya Eldon, ni ya baba yake. Na kila mwaka wanamwuliza kama Eldon amesema anaitaka, naye anajibu hajasema. Mwaka huu, baada ya kahawa, aliwaambia tu kwamba hata kama sijasema, gari langu limesema.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema si kitu cha kumwambia mtu. Angeona ananisukuma.

Tukala. Nikamwambia dizeli lake linavuta vizuri. Akasema langu linang'aa vizuri.

Jioni Verla alinishika mkono njia nzima ya kurudi. Tulirudi kwa dizeli, pikapu ikivutwa nyuma.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeamka na moyo mwepesi. Nimesamehewa na wote, na mama mkwe anasema atanisamehe Alhamisi.

Lorna alikuja na dumu la petroli asubuhi na mapema, akatia, akapima kichupa, akatikisa kichwa. Hakunigombeza. Alisema tu: tatu. Nikasema tatu. Akaandika tatu kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko cha tenki. Fundi wa namna hii hapatikani popote.

Nimetafakari sana kilichotokea, kwa unyofu, mbele za Mungu. Kosa liko wazi. Mafuta hayakuwa na ubaya wowote. Yalivuta kwa utukufu hadi tone la mwisho. Kilichopungua ni tenki. Nikiongeza la pili nyuma, la galoni arobaini, na pampu kubwa, basi Agosti ijayo naweza kwenda hata nane kwa kumi. Marlin amesema kazi ni yangu mwakani pia. Alikuwa anacheka, lakini alisema.

Kuna mtu Orange City anauza tenki la namna hiyo. Verla anasema nipite kituoni kwanza. Ameota ndoto, anasema, ya mpini wa njano.

Nimeangalia dashibodi. Maili ishirini na sita. Orange City ni ishirini na mbili.

Natoka sasa hivi. Inatosha kabisa.